Umeugua korona, umepona, sasa kinga yako itakaa muda gani? Ngoja niwaambie

Juzi dada mmoja wa Mbagala kaniandikia inbox, anapika vyakula vya shughuli kama mimi, kaugua korona kapona, anauliza, "Dada, nina miezi mingapi ya kujiachia kabla haijanirudia?" Nimecheka sana, maana hilo swali na mimi nilimuuliza kila mtu mwaka 2021 na kila mtu alinipa namba yake. Huyu miezi mitatu, yule sita, mwingine eti ndo basi mpaka kaburini.

Mimi ilinipiga kipindi cha Delta, ile aina ya kirusi cha korona iliyotamba 2021, mwezi ule ule wa Julai Mama Samia alipozindua chanjo. Homa nilivumilia, kilichoniliza ni pua. Nasaga iliki na binzari nyembamba, nainua kinu mpaka usoni, navuta pumzi weee, hamna kitu, kama nanusa maji ya bomba. Sasa pilau la harusi unalipikaje bila pua? Ikabidi mwanangu awe anainamia sufuria ananiambia mama vitunguu vimeiva, mama vinaungua. Nyie mnaotaka jina likue kwenye hii kazi mnanielewa.

Nilipopona nikaendelea na barakoa. Basi wifi yangu kwenye shughuli ya watu, mbele ya mashemeji zangu wote, akasema huyu si kaugua juzi tu, kinga anayo, barakoa ya nini, maringo hayo. Watu wakacheka. Sikumjibu ila mpaka leo liko rohoni. Desemba ikaingia aina nyingine, Omicron, wifi aliyekuwa keshaugua na kupona akalala tena, na wale wachekaji nao wengi tu. Hata mimi ilinipata, sitoficha, lakini safari hii koo na mafua basi, pua inanusa vizuri.

Kumbe hivyo ndivyo inavyokwenda. Agosti 2020 Hong Kong walithibitisha mtu aliyeambukizwa mara mbili, miezi minne na nusu tu imepita, kakamatwa kwenye vipimo vya uwanja wa ndege akitokea Ulaya, na mara ya pili hana hata dalili. Kinga ya kuzuia kirusi kisikuingie inashuka mapema, ya kuzuia kisikulaze inakaa. Jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2023 lilitoa uchambuzi wa tafiti 65 za nchi 19: waliougua kabla ya Omicron, baada ya wiki 40, kinga yao ya kutoambukizwa hiyo Omicron ilikuwa imebaki kama asilimia 36, lakini ya kutougua vibaya bado karibu 89.

Sababu ni mbili. Kingamwili, yaani askari wa damu wanaokikamata kirusi, zinapungua, zinabaki seli zenye kumbukumbu ya kirusi ambazo zinachelewa kidogo kuamka, halafu kirusi chenyewe kinabadilika. Surua haina tabia hiyo, kule visiwa vya Faroe mwaka 1846 ililipuka, wazee walioiugua mwaka 1781 haikuwagusa, miaka 65 imepita! Korona usiifananishe na surua jamani.

Kwa hiyo acheni kuhesabu miezi. Kwenye msongamano vaa barakoa, ukikohoa kaa mbali na chakula cha watu, na kupona sio sababu ya kukataa chanjo. Narudia, kupona sio sababu ya kukataa chanjo! Hasa kama unaishi na mzee, maana Denmark walikuta kuugua 2020 kuliwakinga watu kwa kama asilimia 80 wasiambukizwe tena, ila wenye miaka 65 na zaidi ni 47 tu. Mama yangu nilimpeleka mwenyewe, kanuna njia nzima, nikamwambia nuna tu mama, tunafika.

Na wewe dada wa Mbagala, oda zako pokea. Ila jikoni uwe na mtu wa pili anayeijua chumvi yako, kikikurudia asimame yeye.