Maswali Yenu: Majina Yaliyopotea Kwenye Picha ya Timu

Barua za toleo hili nyingi zimetoka Dodoma na Singida, na karibu zote zinauliza jambo moja: mtu anajua mtaa wake au ofisi yake ilikuwa na timu, ila hajui waliocheza ni akina nani. Tumechagua sita.

SWALI: Shikamooni wahariri. Marehemu baba ameacha picha ya timu iliyopigwa Uwanja wa Jamhuri: wachezaji kumi na mmoja, viongozi watatu, na mtoto mmoja ameshika mpira. Nyuma haina hata neno. Namtambua baba na kipa tu. Nianzie wapi?
Msomaji, Majengo, Dodoma

JIBU: Marahaba. Anzia kwenye nakala. Picha yenyewe ibaki nyumbani. Ikipita mikono ya wazee kumi itarudi imekunjika kona, au haitarudi. Ipeleke stesheni yenye skana nzuri, uombe dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Picha ya sentimita 9 kwa 13 itakupa takriban pikseli 2,100 kwa 3,000, zinazotosha kuona kovu usoni. Wakikuskania kwa 150, sura za waliosimama nyuma zitakuwa madoa matupu.

Kabla hujauliza mtu yeyote, hakikisha picha haijageuzwa kioo. Zamani negativu iliweza kuwekwa kinyume, upande wa mbele ukawa nyuma, kwenye mashine ya kusafishia, kushoto kukawa kulia. Kama jezi zina maandishi utajua mara moja. Kama hazina, tazama koti la kiongozi: koti la mwanamume, upande wake wa kushoto hulalia ule wa kulia, kwa hiyo kwenye picha sahihi ubavu wa juu unatokea mkono wako wa kulia wewe unayetazama. Mfuko wa shati nao huwa upande huohuo. Ukikuta kinyume, igeuze kwenye kompyuta kwanza. Usipofanya hivyo, aliyesimama kushoto utamwita wa kulia katika kila karatasi utakayoandika.

Sasa chapa nakala mbili za ukubwa wa A4. Moja iachie ilivyo. Ya pili weka namba ndogo juu ya kila kichwa: waliosimama kuanzia kushoto kwako, kisha waliochuchumaa, kisha viongozi, na mtoto wa mpira mpe namba yake. Huyo mara nyingi ndiye aliye hai bado, na watoto wa mpira walikuwa wanawajua wachezaji wote.

Wazee uwaone mmoja mmoja. Ukiwakusanya kijiweni, mwenye sauti kubwa atataja majina na wengine wataitikia, hata aliyekuwa anajua vingine atanyamaza kwa heshima. Usiulize "huyu siyo fulani?" kwa sababu umeshamjibia. Uliza nafasi kwanza: "Namba tatu yenu alikuwa nani? Sita je?" Mchezaji wa zamani hukumbuka timu kwa namba, kipa mpaka winga kumi na moja, na jina linamjia likifuata nafasi. Baada ya hapo ndipo umpe picha.

Jina liingie kwenye orodha kwa wino likitajwa na watu wawili ambao hawakusikilizana. La mtu mmoja liandike kwa penseli, na pembeni nani kalitaja, lini. Wakigongana, andika yote mawili. Usiamue wewe.

Mwaka wa picha nao usiuulize kwa tarakimu. Uliza ilikuwa kabla au baada ya Vita vya Kagera (1978 hadi 1979), kabla au baada ya kifo cha Sokoine (Aprili 1984), kabla au baada ya Mwalimu kung'atuka (Novemba 1985). Mzee atakayekwambia "nadhani themanini na ngapi sijui" atakuambia bila kusita kwamba siku ya msiba wa Sokoine walikuwa na mechi ikaahirishwa.

SWALI: Babu yangu anasema timu yao ilicheza "Daraja la Kwanza" miaka ya 1980. Vijana wanamcheka, wanasema basi hawakufika Ligi Kuu. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Babu. Wakati huo Ligi Daraja la Kwanza ndiyo iliyokuwa ngazi ya juu Bara, mwendelezo wa ligi ya taifa iliyoanza 1965. Jina la Ligi Kuu lilikuja baadaye, na "daraja la kwanza" likashushwa likawa jina la ngazi ya chini yake. Tangu 1982 kulikuwa pia na Ligi ya Muungano, iliyokutanisha timu za Bara na za Visiwani, kwa hiyo bingwa wa mwaka mmoja anaweza kuwa wawili na wote ni wa kweli.

Majina ndiyo yanayowazika wachezaji wengi. Simba iliitwa Sunderland hadi 1971. Ukimtafuta mchezaji wa "Simba" kwenye gazeti la 1968 utaambulia patupu. Shirikisho la soka, TFF, liliitwa FAT hadi 2004. Na kabla ya 1963 hapakuwa na Mkoa wa Dodoma wala wa Singida, kulikuwa na Jimbo la Kati. Kijana wa Manyoni au wa Kondoa aliyechezea kombaini ya jimbo ataandikwa humo bila kutajwa kwao. Ndiyo maana Singida wana wachezaji wao wanaodhaniwa ni wa Dodoma.

Magazeti ya zamani yapo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa na kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sehemu ya East Africana. Beba barua ya utambulisho. Usiende na ombi la "habari za timu yetu". Nenda na tarehe. Uhuru lipo tangu 1961, Ngurumo liliishia 1976, Daily News lilianza Aprili 1972 The Standard na The Nationalist yalipounganishwa. Kwa mechi za Jumamosi fungua Mzalendo la Jumapili, kwa za Jumapili fungua Uhuru la Jumatatu. Mechi za mikoani usiishie hapo: habari zilisubiri simu, kwa hiyo pekua hadi Alhamisi. Na kwenye daftari lako weka safu mbili, tarehe ya gazeti na tarehe ya mechi. Nusu ya makosa tunayoyaona kwenye historia za klabu yanatokana na kuzichanganya hizo mbili.

SWALI: Nimepata msimamo wa ligi ya zamani ulionakiliwa kwa mkono. Nitajuaje kama aliyenakili hakukosea?
Msomaji, Singida

JIBU: Kwa kujumlisha. Kushinda kwa timu zote lazima kulingane na kufungwa kwa timu zote. Mabao ya kufunga yalingane na ya kufungwa. Jumla ya sare iwe namba shufwa, kwa kuwa kila sare inahesabiwa kwa timu mbili. Na enzi za pointi mbili kwa ushindi na moja kwa sare, kila mechi ilitoa pointi mbili kamili, iishe vyovyote: ligi ya timu 12 nyumbani na ugenini ni mechi 132, basi pointi zote zijumlishe 264. Ikiwa si 264 kuna tarakimu imeandikwa vibaya, na mara nyingi ni 1 iliyosomwa 7 au 3 iliyosomwa 8.

Hesabu ikigoma kwenye mabao peke yake, shuku ushindi wa mezani kabla hujamshuku mwandishi. Timu isipotokea uwanjani, mwenzake alipewa pointi, na mabao wengine waliyaandika, wengine hawakuyaandika.

Tafadhali sana, usiigeuze kuwa pointi tatu "ili iendane na sasa". FIFA ilianza kutumia tatu kwenye Kombe la Dunia la 1994 na ligi nyingi zikafuata. Timu iliyoshinda 10, ikatoka sare 6 na kufungwa 6 ilimaliza na 26. Ukiiandikia 36 inaweza kuipita iliyokuwa juu yake kwa sare nyingi, na umebadilisha aliyeshuka daraja miaka arobaini iliyopita.

SWALI: Mjomba alichezea timu ya CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Mamlaka yenyewe ilishavunjwa. Karatasi za timu zilikwenda wapi?
Msomaji, Chang'ombe, Dodoma

JIBU: Timu ya taasisi ina njia mbili za karatasi, na watu huifuata moja tu. Ya kwanza ni ya chama: usajili, katiba na majina ya viongozi, kwa Msajili wa vyama vya michezo chini ya BMT, Baraza la Michezo la Taifa lililoundwa kwa sheria ya 1967, na kwenye chama cha soka cha mkoa. Humo wachezaji ni wachache, viongozi ndio wengi.

Ya pili ni ya mwajiri, nayo ndiyo yenye utajiri. CDA iliundwa 1973 kujenga makao makuu, ikavunjwa Mei 2017, na shughuli zake zikahamia Halmashauri ya Manispaa, ambayo sasa ni Jiji. Basi barua yako iende kwa Mkurugenzi wa Jiji. Ukiandika "naomba historia ya timu" utajibiwa haipo, na atakayekujibu hatakuwa amesema uongo, maana hakuna jalada lenye jina hilo. Omba majalada ya ustawi wa watumishi na ya michezo, na hati za malipo: posho za kambi, nauli, ununuzi wa jezi na viatu. Mchezaji wa timu ya taasisi alikuwa fundi bomba, dereva au karani kwanza. Kwenye karatasi ya posho amesaini kwa jina lake lote, lile ambalo gazeti halikuwahi kuliandika. Pale ulipo mwaka wa kuajiriwa na idara, utampata hata mtu ambaye hakuna aliyemkumbuka kwa sura.

Kwa timu za ofisi za serikali kama ile ya Waziri Mkuu, njia ni hiyohiyo, ila mlango ni Nyaraka za Taifa. Kumbukumbu za serikali kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 30, kwa hiyo za miaka ya 1980 zimeshatimiza muda.

SWALI: Kila mtu anamtaja kwa jina la utani tu. Nifanye nini?
Msomaji, Manyoni

JIBU: Liandike hilo la utani kama kichwa, usilitupe, kwani ndilo litakalokufikisha kwa ndugu zake. Sunday Manara aliitwa Kompyuta na Juma Mkambi aliitwa Jenerali, na kwao tuna yote mawili kwa sababu walicheza vilabu vikubwa na timu ya taifa. Wa kwenu atafute kwa kazi na mtaa: alikuwa anafanya kazi wapi, alioa nyumba gani, alizikwa wapi. Kisha jaribu tahajia zote. Mhariri wa Dar es Salaam aliyesikia jina la Kigogo kwenye simu yenye mikwaruzo aliandika alichosikia: Chi- ikawa Ki-, l ikawa r, na Mh- ikapoteza h yake. Majina matatu kwenye magazeti matatu anaweza kuwa beki mmoja.

SWALI: Picha zetu zimegandia kwenye albamu ya kurasa zenye gundi. Tuzibandue kwa maji ya moto?
Msomaji, Kondoa

JIBU: Hapana! Maji ya moto hulainisha tabaka la picha, rangi ikachubuka. Pitisha uzi mwembamba wa nailoni chini ya picha, ukiukereza taratibu kama msumeno kutoka kona moja. Ukigoma, acha, piga picha ukurasa mzima kivulini bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi. Iliyogandia kwenye kioo cha fremu usiiguse kabisa: weka kitambaa cheusi nyuma ya simu kuzuia mng'ao, uipige ikiwa humohumo.

Zilizotoka, andika nyuma kwa penseli laini ya 2B, pembeni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino huvuja au kuacha mfereji upande wa pili. Tia kila moja kwenye bahasha ya karatasi. Nailoni hutunza unyevu wa masika, picha zikashikana tena. Sanduku liinue juu ya matofali manne, mbali na ukuta, na ulikague kila mwezi. Huko kwenu mchwa hupandia ukutani, na akishaingia huanza na karatasi ya chini kabisa, ambayo ndiyo ya zamani kuliko zote.