Mume akishinda uchaguzi, usikimbilie barua ya kuacha kazi

Mwaka 2015 mume wangu alishinda udiwani, na wiki tatu baadaye nikaandika barua ya kuacha kazi. Nilikuwa mchumi katika idara ya mipango ya halmashauri hiyohiyo, na nilikuwa nimetimiza miaka tisa kazini. Hakuna aliyenilazimisha. Mawifi walisema haipendezi mke wa mheshimiwa kupanda bodaboda kwenda kukagua vyoo vya shule, na ofisini wenzangu walianza kunyamaza nikiingia. Nikaona heri niondoke mwenyewe. Mwaka huu dada watatu wameniuliza wafanyeje, waume zao wanagombea au wameteuliwa, kwa hiyo naandika nililolijua nikiwa nimechelewa.

Aliyenifungua macho sijawahi kukutana naye: Ana Dias Lourenço, mke wa Rais wa Angola. Wengi wanamjua kwa picha za mapokezi ya viwanja vya ndege. Sisi watu wa mipango tunamkumbuka kwa jambo jingine. Alizaliwa Luanda mwaka 1957, akasoma uchumi Chuo Kikuu cha Agostinho Neto, na kuanzia 1999 hadi 2012 alikuwa waziri wa mipango wa nchi yake.

Iangalie vizuri miaka hiyo. Vita vya Angola vilikwisha Aprili 2002, kwa hiyo mwanzo wa uwaziri wake ulikuwa kupanga maendeleo huku mabomu yakilia. Tena sensa ya mwisho ya nchi nzima ilikuwa ya mwaka 1970, enzi za Wareno, na nyingine haikufanyika mpaka 2014. Yaani muda wote wa uwaziri wake hakuwa na hesabu kamili ya watu aliokuwa akiwapangia. Mimi nikikosa idadi ya wanafunzi wa kata moja nilishindwa kujua tuombe madawati mangapi. Yeye alitakiwa kugawa fedha za barabara, maji na zahanati kwa nchi ambayo mamilioni walikuwa wamekimbia makwao. Sisemi alifanikiwa kila mahali. Mafuta yaliingiza fedha nyingi, Waangola wengi wakabaki maskini, na serikali aliyoitumikia haiwezi kukwepa lawama hiyo. Lakini kazi ilikuwa yake, na jina lilikuwa lake.

Na mumewe je? João Lourenço alikuwa katibu mkuu wa MPLA, chama tawala cha Angola, mpaka 2003, kisha naibu spika wa bunge mpaka alipopewa wizara ya ulinzi mwaka 2014. Kwa miaka kumi na mitatu, waziri katika nyumba ile alikuwa mke. Mwaka 2012 akaenda Washington, akaziwakilisha Angola, Nigeria na Afrika Kusini kwenye bodi ya wakurugenzi ya Benki ya Dunia hadi 2016. Septemba 2017 ndipo mumewe akaapishwa kuwa rais. Cheo cha mume kilimkuta mama huyu ana historia yake tayari, hakikumpa historia.

Hata baada ya hapo uchumi haukumtoka. Desemba 1, 2018, kule Luena, alizindua kampeni ya kuzuia mama mwenye virusi vya Ukimwi kumwambukiza mtoto. Kampeni ile ilikuwa na tarakimu: kushusha maambukizi kutoka asilimia 26 mwaka 2019 hadi 14 ifikapo 2021. Mtu wa mipango hazindui jambo ambalo mwisho wake hauwezi kupimwa. Nilipozisoma zile namba nilijiona mimi niliyekuwa, nikalia.

Sasa turudi kwetu Tanzania. Nisiseme uongo, tatizo la mgongano wa maslahi lilikuwepo kweli. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Miradi inaibuliwa huko, inashuka mezani kwa watu wa mipango, halafu inarudi kwenye baraza la madiwani kupitishwa. Mume angeniletea maombi mchana na kuniuliza usiku yamefikia wapi. Hilo lilihitaji dawa, ila dawa haikuwa kuacha kazi. Ningeweza kuomba kata yake ishughulikiwe na mwenzangu, au kuomba uhamisho kwenda halmashauri ya jirani. Watumishi wanahama kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Piga hesabu ya pensheni kabla ya kusaini chochote. Nilikuwa nimechangia miezi 108, na pensheni ya kila mwezi inataka miezi 180. Miaka sita tu iliyobaki! Mwaka 2020 mume wangu alianguka kwenye kura za maoni ndani ya chama. Posho za vikao zikakoma, mshahara wangu haukuwepo, na mtoto wetu wa kwanza alikuwa kidato cha tano. Udiwani ni wa miaka mitano. Taaluma yako ni ya maisha.

Watakuja watu mlangoni pia. "Mama, tusemee kwa mheshimiwa." Wakaribishe chai, wasikilize, kisha waelekeze kwa mtendaji wa kata. Ukibeba bahasha ya mtu mmoja tu, kesho unabeba za kata nzima.

Leo nafundisha vikundi vya kuweka na kukopa kutunza hesabu zao, kazi ninayoipenda. Lakini barua ya mwaka 2015 bado naiandika upya kichwani. Kama mumeo ameshinda wiki hii, andika hii badala ya ile yangu, mkabidhi mkurugenzi, na ubaki na nakala yenye mhuri:

"Napenda kukutaarifu kwamba mume wangu amechaguliwa kuwa diwani katika halmashauri yetu. Naomba jalada la kata yake akabidhiwe mwenzangu, nami nisihusishwe na kikao chochote kinachoijadili. Kazi zangu nyingine nitaendelea nazo kama kawaida."