Kiu, tamaa na "ku" isiyokubali kuondoka

Swali: Ninafasiri maelezo ya mchoro wa Kitibeti uitwao Gurudumu la Maisha, ambao katikati yake jogoo, nyoka na nguruwe wanaumana mikia, jogoo akiwa ishara ya kutamani mambo ya dunia. Neno "tanha" la Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibudha, niliite tamaa au kiu? Na "kutokudumu kwa vitu" inatosha kwa "anicca"?

Jibu: "Tanha" maana yake ya asili ni kiu, ile inayokausha koo, kwa hiyo andika "kiu". Jogoo mwachie "tamaa", neno la asili ya Kiarabu ambalo kwetu limezoea kubeba lawama, ilhali kiu humshika hata mcha Mungu.

Ugomvi wangu ni huo mwili wa "kutokudumu". Kitenzi "dumu" kina silabi mbili na kinasimama kwa miguu yake chenyewe. Ukikikanusha, "to" hukaa baada ya "ku", ukapata "kutodumu", na kazi imekwisha. "Ku" ya pili ni mkongojo wa vitenzi vya silabi moja, kama katika kutokula, kutokuja na kutokufa, pamoja na "kwenda" na "kwisha" vilivyozoea kuegemea. Wewe umemkabidhi mkongojo kijana mwenye afya.

Tazama mandala ya mchanga, ule mchoro wa ibada wa Kibudha. Watawa wa Kitibeti huinama siku kadhaa wakidondosha mchanga wa rangi, chembe kwa chembe, kupitia mirija myembamba ya chuma. Picha ikishakamilika huifagia yote, na mchanga wakaumwaga katika maji yanayotiririka, ili mtazamaji aone kwa macho yake kwamba hakuna cha kung'ang'ania. Kisha anakuja mfasiri na kutueleza kwamba tendo hilo linaashiria "kutokudumu, kutokushikilia na kutokutamani". Watawa wamefagia kila kitu, yeye ametuachia chembe tatu za "ku" sakafuni!

Najua kwamba wengi husema hivyo, wasomi wakiwamo, na katika mazungumzo nimeshachoka kumkatiza mtu. Katika maandishi, futa. Ila "kutokuwa" usiiguse, kwa maana wapo ambao wakishaonywa hufyeka kila "ku" wanayokutana nayo, wakaandika "kutowa na tamaa", nami nikabaki najiuliza tamaa hiyo inatolewa wapi na inapelekwa kwa nani.