Kuhusu bunduki za marehemu baba yako

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza, kati ya bunduki nne alizoacha baba yako uchukue ngapi, na mtu anahitaji ngapi hasa. Kisha ukaongezea, kana kwamba ni jambo dogo, na vitu vyake vyote vya stoo.

Ningekuwa na idadi moja ya kukutajia ningekupigia simu, nisingehangaika na barua. Wapo wenye moja na imewashinda. Wapo wenye kumi, na kila moja ni safi na karatasi zake zipo. Mimi naangalia mambo mawili. Ina kazi gani ambayo wewe mwenyewe unaifanya, si ambayo huenda siku moja ukaifanya? Na je, unao muda wa kuitunza kwa mikono yako? Ikikosa kimojawapo, imezidi, hata kama ndiyo pekee uliyo nayo.

Ulimwona baba yako akizisafisha, ila ulikuwa mdogo, ukaondoka na harufu ya mafuta tu. Mtu akishika chuma anaacha jasho, jasho lina chumvi, na kukiwa na unyevu kutu inaota palepale vidole vilipopita. Ndiyo maana hakuna iliyorudi kabatini bila kufutwa. Hakuziweka kwenye mikoba ya ngozi, kwa sababu ngozi inashika unyevu. Mafuta nayo yakizidi yanashuka hadi kwenye mbao za kitako na kuzilainisha, kwa hiyo alizisimamisha mdomo wa mtutu ukiwa chini. Hiyo ni bunduki moja. Fanya mara nne, ongeza na bastola yako, halafu uniambie kama jioni zako zitatosha.

Sasa hili ndilo linalonifanya nisikubali uzichukue zote. Zipo shotigani mbili, ya 12 na ya 20, namba zinazotaja ukubwa wa tundu la mtutu. Namba ikiwa ndogo ndipo tundu linakuwa kubwa: mtutu wa 12 una upana wa karibu milimita 18.5, wa 20 karibu 15.6. Risasi ya 20 ikitiwa kimakosa kwenye ile ya 12 haikai mahali pake, inateleza mbele na kukwama ndani ya mtutu. Unafyatua, kimya. Unadhani hukuweka kitu, unatia ya 12 nyuma yake, unafyatua tena, na mtutu unapasuka karibu kabisa na mkono unaoushikilia. Ajali hii inajulikana sana, ndiyo maana watengenezaji wengi huzipa risasi za 20 rangi ya njano. Baba yako aliziweza zote mbili kwa kuwa hakuchanganya kamwe aina mbili za risasi kwenye mfuko mmoja. Wewe, samahani kukusema, funguo za gari tu unazitafuta kila asubuhi.

Ya 20 basi iuzwe kihalali kwa mwenye kibali. Ya 12 chukua, kazi yake shambani unayo. Ile raifo ndogo ya .22, yaani ya risasi nyembamba, chukua ukiwa kweli utaenda kulenga shabaha. Haisukumi bega, lakini udogo wake usikudanganye: risasi yake inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja.

Gobore ni habari nyingine. Najua unataka kulitundika ukutani. Baruti nyeusi ikikaa kavu haiharibiki kwa miaka mingi, na yapo magobore ya kurithi yaliyokutwa bado yameshindiliwa wakati mwenyewe alishazikwa zamani. Baba yako alikuwa akitumbukiza ufito wa mti hadi mwisho, anatia alama ya chaki pale mdomoni, kisha anautoa na kuulaza kando ya mtutu kwa nje, alama ikiwa usawa wa mdomo. Ukiishia kabla ya kufika kwenye tundu la kuwashia, jua kuna kitu ndani. Nimelipima hivyohivyo na ni tupu, lakini halitoki hapa mpaka fundi wa silaha alikague.

Vitu vya stoo visikuumize kichwa. Drili tatu, misumeno, mikebe ya skrubu, hivyo vinakula nafasi tu. Drili ya ziada ukiisahau itapata vumbi. Bunduki ya ziada ukiisahau itapata mwenyewe mwingine, mwizi au mtoto, na watoto wanazijua pembe za nyumba kuliko wazazi wao. Sefu yako inabeba ngapi? Ikiwa ni tatu, ya nne italala chini ya kitanda, na hapo kwangu mjadala umekwisha. Risasi zifungiwe pengine, kwa ufunguo mwingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na baba yako daftari alikuwa nalo: namba iliyochongwa kwenye kila bunduki, tarehe aliyoisafisha, risasi zilizobaki. Nitakupa, uliendeleze kwa mwandiko wako.

Jambo la mwisho ni la sheria. Kuachiwa bunduki na mzazi hakukufanyi mmiliki wake. Mpaka sasa ziko kwangu kwa idhini ya muda, na wewe unatakiwa uombe kibali cha kila utakayochukua. Kwa hiyo usije na gari mwisho wa wiki ukadhani utazipakia tu. Njoo na fomu zako. Nakala ya cheti cha kifo nimeshakutolea, iko pamoja na lile daftari. Drili kubwa mwachie mdogo wako, alishaiomba. Misumeno mtagawana wenyewe.

Mama yako