Muulize Fundi: Feni Tatu na Bado Inazima

*Fundi, habari za kazi? Nina steshenari ndogo Isevya, hapa Tabora. Kompyuta yangu ya mezani ni ya mtumba. Asubuhi inachapa vizuri, ikifika saa nane mchana inazima yenyewe, hasa wanachuo wakinijazia kazi. Kijana mmoja aliniongezea feni mbili mbele, sasa ziko tatu ukihesabu ya nyuma. Tukatoa na mfuniko wa ubavuni, nikaielekezea feni ya mezani. Ilitulia wiki mbili, sasa imerudi palepale na kelele juu. Ninunue feni ya nne?*
Dada wa Steshenari, Isevya

Usinunue, dada yangu. Hiyo hela weka kwenye karatasi.

Baba yangu alilima tumbaku Urambo. Bani la kukaushia lilikuwa na matundu chini na matundu juu. Hewa iliingia chini, ikapita kwenye majani, ikatoka juu na unyevu wake. Akisahau kufungua ya juu, angekoka moto usiku kucha na majani yangeharibika tu. Kasha la kompyuta (wengi huliita sipiyu, lakini sipiyu hasa ni prosesa, kile kidude kidogo ndani kinachofanya kazi yote, na kikizidi joto mashine huzima) ni hivyo hivyo. Linataka njia: hewa iingie mbele, ipite kwenye prosesa, itokee nyuma au juu. Hewa ya moto hupanda yenyewe, wewe unaisaidia tu.

Kwa hiyo kabla ya kitu kingine, tazama feni zako zimeelekea wapi. Kila feni ina upande ulio wazi na upande wenye mikono ya plastiki inayoshika mota, na mara nyingi stika huwa huko. Hewa hutokea upande wenye mikono. Kama huamini, washa mashine ushike kipande cha tishu mbele ya feni: ikiing'ang'ania, inavuta; ikisukumwa, inapuliza. Mbele zivute, nyuma ipulize. Nashuku yule kijana alizifunga zote zikipuliza nje, au moja huku na moja kule. Simcheki. Mwaka niliofungua duka nilimfungia mteja feni nne zote zinavuta ndani, na taa za rangi juu yake, nikaona fahari mpaka aliporudi na mashine mkononi.

Sasa huo mfuniko. Urudishe leo. Ukiuondoa, hewa haina sababu tena ya kupita kwenye prosesa, inakatiza inakotaka. Na feni ya mezani kwenye kiangazi chetu, hasa mwezi wa tisa na wa kumi, haipulizi ubaridi. Inapuliza vumbi la barabarani moja kwa moja hadi kwenye hitisinki, yale mapezi ya alumini juu ya prosesa. Vumbi likijaza nafasi kati ya mapezi, hata ufunge feni kumi, ni kupuliza ukuta. Ndiyo maana ulipata nafuu ya wiki mbili tu.

Hukuniambia mashine iko wapi, ila nimeingia steshenari nyingi za mji huu. Iko chini ya meza, mgongo umebanwa ukutani, na juu kuna kitambaa cha kufuma. Kitambaa ni kizuri, kiweke kwenye redio. Nyuma acha angalau upana wa kiganja.

Kusafisha: zima, chomoa waya ukutani, itoe nje. Pulizia kwa blowa, lakini shika mapanga ya feni kwa kalamu yasizunguke ovyo yakaharibu beringi. Pawasaplai, kile kisanduku kinachopokea waya wa umeme, ipulizie kwa nje tu, usiifungue. Ndani huhifadhi umeme hata ikiwa imechomolewa. Kwa kuwa ni ya mtumba, pesti, ile krimu ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na hitisinki, huenda imekauka kama chokaa. Fundi aifute kwa spiriti na kuweka mpya, kiasi cha punje ndogo ya njegere, asipake kama siagi.

Kisha weka programu ya kusoma joto. Prosesa nyingi za Intel zina ukomo wa nyuzi 100 hivi. Zikikaribia hapo hujipunguza kasi, zikizidi huzima. Ukiona 70 au 75 saa nane mchana ukiwa na kazi, uko salama. Usitegemee 30, chumba chenyewe kikiwa na 33. Na ikianza kuzima hata asubuhi ingali baridi, niletee. Hapo nitaanza na pawasaplai.

*Mimi niko Ujiji, naonyesha mpira na filamu jirani na muuza chipsi. Feni za kompyuta zimeganda vumbi jeusi, blowa haling'oi.*
Mzee wa Banda, Ujiji

Shikamoo mzee. Hilo ni vumbi lililoshikwa na mvuke wa mafuta, blowa peke yake haliliwezi. Fungua feni, sugua mapanga kwa mswaki uliochovya spiriti kidogo, acha zikauke kabisa kabla ya kurudisha. Kisha funga kipande cha stokingi kwenye tundu la mbele, ukifue kila Jumapili. Kama banda lina upande mwingine, hamishia mashine huko, maana muuza chipsi hatahama.