Muulize Fundi: Vali inayovuja haiponi kwa kukazwa

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina kiwanda kidogo cha kukamua mawese hapa Mwandiga. Mafuta yakishachemka tunayapandisha mita tano hivi hadi tangi la juu, kwa pampu ya gia iliyoungwa moja kwa moja na injini ya dizeli. Relifu vali, ile ya springi inayofunguka kuachia mafuta presha ikizidi, ilianza kuchuruza, mafuta yakawa yanarudi kwenye pipa. Fundi akaikaza skrubu inayobana springi mpaka mwisho, kuchuruza kukakoma. Kesho yake asubuhi tulipowasha, hozi ikapasuka. Nimenunua hozi mpya ya bar 10. Kibao cha pampu kinasema mwisho bar 7. Kazi ikiendelea vizuri geji husoma bar 3. Vali niiweke kwenye presha gani, na nitajuaje kwamba imekaa sawa?
Msomaji, Mwandiga

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiiwashe tena pampu hiyo kabla skrubu haijalegezwa.

Pampu ya maji yenye impela, yaani gurudumu la mapanga linalosukuma maji, ukiifungia mbele, maji huzunguka humo humo, presha ikafika kiwango chake ikasimama. Pampu ya gia si hivyo. Kila jino limebeba mafuta yake na ni lazima liyatoe upande wa pili. Njia ikiziba, presha hupanda mpaka injini izimike au kitu kipasuke, na injini ya dizeli haizimiki upesi. Sasa fikiria asubuhi ile. Mawese tunayajua sisi watu wa Kigoma, hata ya chupa ya jikoni: baridi ikipiga usiku, yanaganda. Bomba lenu lilikuwa limejaa mafuta yaliyoganda tangu jana. Njia pekee iliyobaki ilikuwa vali, nayo springi yake ilikuwa imebanwa mpaka pete zake zikagusana. Springi ya namna hiyo ni sawa na kipande cha nondo. Vali haikuwepo tena, ilibaki umbo lake tu.

Kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe nikiwa kijana, kwenye ghala moja la mafuta karibu na ziwa. Vali ilivuja, nikaikaza, nikasifiwa kwamba sakafu imekauka. Siku ya tatu gasketi ya pampu ikafumuka na mafuta ya moto yakampata mwenzangu begani. Alipona, lakini kovu analo. Ndiyo maana swali lako nimeliweka mbele ya mengine yote.

Kwa hiyo tuanze na ule uvujaji. Zima injini, hakikisha geji inasoma sifuri, subiri mafuta yapoe kiasi cha kushikika. Kabla ya kufungua, pima kwa rula sehemu ya skrubu iliyojitokeza uandike. Ukifungua, nadhani utakuta nyuzi za chikichi zimekaa kwenye kiti cha vali, pale vali inapokalia ili kufunga. Kwenye vinu vya mawese mimi hukutana nazo mara nyingi kuliko ubovu mwingine. Safisha kwa mafuta ya taa. Kiti kikiwa na mikwaruzo, kisage kwa pasta laini ya kusagia vali, kisha uoshe mpaka pasta yote itoke. Springi iliyopinda au yenye ufa tupa, na usichukue springi yoyote ya dukani kwa kuwa inaingia: kila springi ina kiwango chake cha presha, iulize kwa jina la vali. Rudisha na chujio kwenye bomba la kuvuta.

Sasa kiwango. Usikitafute kwa kuangalia vali imeacha kuvuja lini. Kitafute kwenye kifaa dhaifu kuliko vyote, ambacho kwako ni pampu yenyewe, bar 7. Kumbuka pia vali ya kimiminika haifunguki yote kwa mpigo mmoja. Huanza kuachia kidogo, presha ikiongezeka ndipo hufunguka zaidi, na kupitisha mafuta yote ya pampu ni namba nyingine ya juu zaidi. Namba hiyo ya juu ndiyo unayoipima, maana ndiyo pampu itakayoibeba bomba likiziba. Kwa mtambo wako ningeiweka bar 5: iko juu ya bar 3 za kazi kwa nafasi ya kutosha, na iko mbali na 7.

Geji ikae kati ya pampu na vali, ya bar 10, ili bar 5 isomeke katikati ya uso wake. Usiiamini kwa upya wake. Ilinganishe na geji nyingine nzuri kwenye mstari mmoja. Kama kuna simtangi lenye maji yaliyosimama mita 10 juu ya geji, inapaswa kusoma karibu bar 1. Ikikosea hapo, huko juu usiitegemee.

Pasha mafuta, yazungushe mpaka bomba lote, vali na njia ya kurudi viwe vya moto. Ukipima kwenye mafuta mazito ya baridi utapata namba ya uongo. Legeza skrubu karibu yote, washa, kisha funga getivali ya mbele, ile ya kufungia bomba liendalo tangini, polepole, jicho kwenye geji, mkono ukiwa tayari kuifungua. Ikifika 6, fungua mara moja. Ikiishia 3, fungua, kaza skrubu robo mzunguko, rudia. Usiifunge zaidi ya nusu dakika kila mara, kwa sababu nguvu yote ya injini inageuka joto ndani ya mafuta. Ukipata 5, kaza nati ya kufungia, halafu pima mara mbili tena, kwani nati huihamisha skrubu. Funga waya wenye lakiri, andika tarehe kwa rangi.

Na asubuhi za baridi, kabla ya kuwasha, pasha bomba pamoja na vali. Mawese yakiganda kuizunguka springi, vali iliyopimwa vizuri jana leo haifunguki. Bomba la kurudi lifanye fupi, literemke moja kwa moja kwenye pipa ili lisibakize mafuta.

SWALI: Naweza kuweka koki chini ya relifu vali ili niitoe kwa matengenezo bila kumwaga mafuta?
Msomaji, Kibirizi

JIBU: Hapana. Siku moja mtu ataisahau ikiwa imefungwa. Weka koki ya kumwagia chini ya bomba, umwage kwenye ndoo kwanza, ndipo utoe vali.