Maswali ya Wasomaji: Tungamo la Chembe Ndogo Hutoka Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma mara nyingi kwamba bosoni ya Higgs, chembe iliyogunduliwa Geneva mwaka 2012, ndiyo inayovipa vitu vyote tungamo, na kwamba huzikwamisha chembe kama asali inavyokikwamisha kijiko. Je, ina maana bila bosoni hiyo mimi nisingekuwa na kilo hata moja?
Mwalimu wa sekondari, Morogoro

JIBU: La hasha, Mwalimu. Sehemu kubwa ya kilo zako haitokani na Higgs, na hilo ndilo jambo ambalo vyombo vingi vya habari vililipita mbio mwaka ule wa 2012.

Tuanze na hesabu. Mwili wako umeundwa kwa atomi, na karibu tungamo lote la atomi limo katika kiini chake, yaani katika protoni na nyutroni. Elektroni zote za mtu mwenye kilo 70, zikikusanywa mahali pamoja, zina gramu 20 hivi. Protoni nayo imeundwa kwa chembe tatu ziitwazo kwaki, mbili za aina iitwayo juu na moja ya aina iitwayo chini. Wanafizikia hupima tungamo la chembe kwa kipimo cha nishati kiitwacho elektronivolti, na kwa kipimo hicho protoni ina milioni 938, ilhali kwaki ya juu ina takriban milioni 2.2 na ya chini takriban milioni 4.7. Ukijumlisha kwaki zote tatu unapata milioni 9 na ushei. Tungamo hilo la kwaki linatokana kweli na Higgs, lakini ni asilimia moja tu ya protoni nzima. Hata hesabu za undani zaidi, ambazo huzingatia pia kwaki na antikwaki (mapacha ya kwaki yenye sifa kinyume) zinazochipuka na kutoweka humo ndani, haziufikishi mchango huo moja ya kumi. Zilizobaki zote ni nishati.

Mwaka 1905 Albert Einstein aliandika makala fupi akiuliza kama ukaidi wa kitu dhidi ya anayekisukuma hutegemea kiasi cha nishati kilichomo ndani yake, naye akaonyesha kwamba ndivyo ilivyo. Ili kuona kwa nini, chukua sanduku ambalo kuta zake za ndani ni vioo visivyomeza mwanga hata kidogo, kisha fungia mwanga ndani yake. Mwanga hauna tungamo. Sanduku likiwa limetulia, mwanga huo unakwenda na kurudi, ukigonga ukuta wa mbele na ukuta wa nyuma kwa nguvu sawa. Sasa lisukume sanduku kwenda mbele. Wakati mwanga ungali njiani, ukuta wa nyuma unaongeza mwendo kuukabili, na ukuta wa mbele unaongeza mwendo kuukimbia, hivyo mapigo ya nyuma yanakuwa makali kidogo kuliko ya mbele, na tofauti hiyo unaihisi mkononi kama kitu kinachokataa kusukumwa. Sanduku limekuwa zito kuliko lilipokuwa tupu, ingawa hukutia ndani yake chochote chenye tungamo. Ukaidi huo ndio tungamo lenyewe, na kiasi chake ni nishati iliyofungiwa, ukiigawa kwa mraba wa kasi ya mwanga.

Hali ndani ya protoni ni ya namna hiyo hiyo. Kwaki huenda kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, na zinaunganishwa na gluoni, chembe zisizo na tungamo ambazo hubeba kani yenye nguvu ya nyuklia. Kani hii ina tabia ya pekee: gluoni huvutana zenyewe kwa zenyewe, na kwa sababu hiyo kwaki ikijaribu kujitenga na wenzake nishati inayohitajika huzidi kupanda, wala haiwezi kutoka. Imefungiwa katika eneo ambalo nusu kipenyo chake hakifiki sehemu moja ya trilioni ya milimita, na sheria za fizikia ya kwantamu hazikiruhusu kitu kilichobanwa kiasi hicho kikae kimya; kadiri nafasi inavyokuwa finyu ndivyo mwendo unavyozidi kuwa mkali. Nishati ya mwendo huo, pamoja na nishati ya gluoni, ndizo kilo zako. Hayo si maneno ya kukisia. Mwaka 2008 kundi la watafiti kutoka Ujerumani, Ufaransa na Hungaria lilikokotoa kwa kompyuta kubwa tungamo la protoni na la jamaa zake kutokana na nadharia ya kani hiyo, na majibu yakalingana na vipimo vya maabara kwa tofauti ya asilimia chache tu.

Kuhusu asali, ningependa mfano huo ustaafishwe. Asali huzuia mwendo wenyewe: ukiacha kukisukuma kijiko, kinasimama. Tungamo halizuii mwendo, bali huzuia mabadiliko ya mwendo. Elektroni iliyo peke yake katika anga tupu itaendelea kwa kasi ile ile pasipo kuchoka, na kama uga wa Higgs, yaani kile kilichoenea kila mahali na ambacho bosoni ni mtikisiko wake, ungekuwa na tabia ya asali, Dunia ingekwisha kupoteza mwendo wake zamani sana na kuangukia Jua.

Hata hivyo, Mwalimu, usiione Higgs kuwa kitu kidogo kwa sababu ya ile asilimia moja. Ukubwa wa atomi huamuliwa na tungamo la elektroni: likipungua, atomi hutanuka; likiwa sifuri, elektroni haishikwi na kiini chochote na atomi haiwezi kuwapo. Vivyo hivyo, kwa kuwa kwaki ya chini ni nzito kuliko ya juu, nyutroni, yenye kwaki mbili za chini na moja ya juu, inaizidi protoni kwa elektronivolti milioni 1.3 tu kati ya milioni 940 hivi. Kwa tofauti hiyo ndogo, nyutroni ikiwa nje ya kiini huvunjika baada ya wastani wa dakika 15 hivi na kuwa protoni. Kama mizani ingeelemea upande wa pili vya kutosha, protoni ndiyo ingevunjika, haidrojeni isingedumu, na maji yasingekuwapo.

SWALI: Kwa nini kulihitajika nadharia ngumu namna hii? Kwa nini tusiseme tu kwamba elektroni ina tungamo lake tangu asili, kama ilivyo na chaji yake ya umeme?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hadi katikati ya miaka ya 1950 ndivyo ilivyosemwa, na hakuna aliyeona tatizo. Swali lako ni zuri kuliko yote tuliyoletewa kuhusu jambo hili, kwa sababu vitabu vingi hulikwepa.

Elektroni huwa na mzunguko wa asili, kana kwamba inajizungusha. Mzunguko huo ukilingana na uelekeo wa mwendo, elektroni huitwa ya mkono wa kulia. Ukiwa kinyume chake, ya mkono wa kushoto. Mwishoni mwa mwaka 1956 mwanafizikia Chien-Shiung Wu, mzaliwa wa China aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alizipoza atomi za kobalti 60 hadi karibu na sifuri halisi ya jotoridi, akazipanga kwa sumaku ili viini vyake vizunguke kwa uelekeo mmoja, kisha akatazama elektroni zinazotoka viini hivyo vikivunjika. Nyingi zilitoka upande ulio kinyume na mzunguko wa viini. Kani dhaifu ya nyuklia, ambayo ndiyo inayovivunja viini hivyo, ilikuwa inabagua kushoto na kulia. Baadaye ilidhihirika kwamba kani hiyo hushughulika na elektroni za mkono wa kushoto tu. Hizo zina chaji ya kani dhaifu, na za mkono wa kulia hazina.

Hapo ndipo tatizo la tungamo lilipozuka. Chembe yenye tungamo huenda polepole kuliko mwanga, kwa hiyo anaweza kutokea mtazamaji anayekwenda kwa kasi zaidi akaipita. Kwake yeye, chembe hiyo inaonekana inarudi nyuma, lakini mzunguko wake haukubadilika. Iliyokuwa ya kushoto sasa ni ya kulia. Kwa hiyo chembe yenye tungamo haiwezi kuwa ya kushoto tupu wala ya kulia tupu. Ni lazima iwe mchanganyiko, ikigeuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kukoma. Lakini elektroni ya kushoto ikigeuka kuwa ya kulia, chaji yake dhaifu imekwenda wapi? Chaji haipotei hivi hivi. Milinganyo ya nadharia ilikataa kabisa tungamo la elektroni, ilhali kila maabara duniani ilikuwa imekwisha kulipima.

Jawabu lililopatikana ni kwamba anga tupu si tupu. Limejaa uga ambao wenyewe una chaji dhaifu, na ambao thamani yake haiwi sifuri hata pale ambapo kila kitu kingine kimeondolewa. Elektroni ya kushoto inapogeuka, chaji yake hupokelewa na uga. Inapogeuka tena, uga huirudishia. Tungamo la elektroni ni kipimo cha jinsi uga huo unavyoichanganya kushoto na kulia kwa nguvu. Chembe ambayo uga hauigusi, kama fotoni ya mwanga, haina tungamo na huenda daima kwa kasi ya juu kabisa.

Wazo la uga wa namna hiyo lilichapishwa mwaka 1964 na François Englert na Robert Brout wa Brussels, kisha Peter Higgs wa Edinburgh, na baadaye kidogo Gerald Guralnik, Carl Hagen na Tom Kibble waliokuwa London. Inafaa ieleweke kwamba hawakuwa wakiitafutia elektroni tungamo. Walitaka kujua jinsi chembe zinazobeba kani zinavyoweza kuwa na tungamo. Ni Steven Weinberg, mwaka 1967, na Abdus Salam wa Pakistani aliyefuatia, waliolihusisha wazo hilo na kani dhaifu, na elektroni ikapata tungamo lake humo humo. Salam ndiye aliyeanzisha kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, ambako wanafizikia wengi wa Afrika wamepata kusoma na kufanya utafiti. Wabebaji wa kani dhaifu, W na Z, waligunduliwa CERN, kituo cha utafiti wa chembe kilicho karibu na Geneva, mwaka 1983, kila mmoja akiwa mzito karibu kama protoni 90.

SWALI: Inasemekana bosoni ya Higgs ikizaliwa hufa papo hapo. Itawezaje kuvipa vitu tungamo muda wote?
Mwanafunzi wa chuo, Dodoma

JIBU: Haivipi. Kinachofanya kazi hiyo ni uga, nao upo muda wote na kila mahali. Bosoni ni mtikisiko wa uga huo, na ili kuutikisa ni lazima elektronivolti bilioni 125, ambazo ni sawa na tungamo la protoni 133 hivi, zikusanywe mahali padogo mno kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu mtambo wa kugonganisha protoni ulijengwa katika handaki la duara lenye urefu wa kilomita 27 chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa.

Wanasayansi waliitafuta bosoni kwa sababu uga usiotikisika haungeweza kuthibitishwa. Tarehe 4 Julai 2012 makundi mawili ya watafiti yaliyofanya kazi kila moja peke yake, ATLAS na CMS, yalitangaza kwamba yameuona mtikisiko huo, na mwaka uliofuata Englert na Higgs wakapewa Tuzo ya Nobel. Brout alikuwa amefariki mwaka 2011. Kazi iliyofuata haikuandikwa sana magazetini, lakini kwa maoni yangu ina uzito kuliko tangazo lenyewe. Nadharia inadai kwamba bosoni iambatane zaidi na chembe zilizo nzito zaidi, kwa uwiano maalumu. Kufikia mwaka 2018 uambatano wake na kwaki mbili zilizo nzito kuliko zote na ule wa tau, jamaa mzito wa elektroni, ulikuwa umepimwa na kuukubali uwiano huo, na mwaka 2020 zikapatikana dalili za ule wa myuoni, jamaa mwingine wa elektroni. Uambatano wa elektroni ni mdogo mno, na haujapimwa.

SWALI: Ikiwa uga ni mmoja, kwa nini chembe moja iwe nzito na nyingine nyepesi? Na neutrino je?
Msomaji, Zanzibar

JIBU: Kwa nini, hakuna ajuaye. Kwaki iliyo nzito kuliko zote inaizidi elektroni mara 340,000 hivi, na nadharia haisemi sababu. Namba hizo hupimwa maabara, kisha huingizwa katika milinganyo kwa mkono.

Neutrino, chembe nyepesi mno isiyo na chaji ya umeme, ni fumbo jingine. Kwa muda mrefu ilidhaniwa haina tungamo, hadi mwaka 1998 watafiti wa kituo cha Super-Kamiokande nchini Japani walipoonyesha kwamba hubadilika aina ikiwa safarini, jambo lisilowezekana kwa chembe isiyo na tungamo. Jaribio la KATRIN la Karlsruhe, Ujerumani, linalopima elektroni zinazotoka katika tritiamu (aina nzito ya haidrojeni), limeonyesha kwamba tungamo hilo halifiki nusu ya elektronivolti moja, yaani neutrino ni nyepesi kuliko elektroni kwa zaidi ya mara milioni moja. Kwa maelezo niliyompa msomaji wa Mombasa, neutrino ingehitaji kuwa na mwenzake wa mkono wa kulia, na huyo hajapata kuonekana. Wapo wanaodhani kwamba yupo lakini hagusani na chochote isipokuwa uga wa Higgs na mvutano, na wapo wanaodhani kwamba neutrino ni antichembe yake yenyewe, hivyo ina njia nyingine ya kupata tungamo. Dhana hii ya pili ina namna ya kupimwa: ikiwa ni kweli, viini vya atomi fulani vinapaswa, mara chache mno, kutoa elektroni mbili kwa mpigo bila kutoa neutrino hata moja. Majaribio kadhaa yanalisubiri tukio hilo chini ya milima na ndani ya migodi, na hadi tunakwenda mitamboni hakuna lililothibitisha kuliona.